Kabureta ya Lori Kwenye Gari la Kapteni

Jumatano, saa kumi jioni. Kampala, mvua.

Mvua imeanza saa saba mchana na bado inanyesha. Mabati ya gereji yanapiga kelele kiasi kwamba gari likisimama nje sitalisikia, na leo hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Nimejifungia stoo, nimekalia bloku ya injini, daftari liko gotini. Mwandiko wangu ni mbaya. Nilitaka kusema ni kwa sababu ya baridi.

Si baridi. Naogopa.

Kwa kawaida naandika Jumapili baada ya misa, tena mambo madogo madogo: binti yetu Neema ameota jino la pili, mke wangu amepata sukari dukani, barua kutoka Bukavu haijafika. Leo siwezi kungoja Jumapili. Nimefanya jambo mchana huu, jambo lililochukua muda wa kupepesa macho tu, na nikikaa nalo bila kulisema popote nahisi litanimaliza kabla hawajanimaliza wao.

Lakini nianzie Jumatatu, maana ndiko lilikoanzia.

Jumatatu asubuhi Kapteni alileta gari lake. Simwiti kwa jina, hata humu ndani. Ni gari dogo jeupe la milango minne, lililokuwa la Mhindi mmoja muuza vitambaa kabla Wahindi hawajafukuzwa. Miaka minne sasa Kapteni analiendesha kama mtu aliyeazima gari la adui yake. Kabureta imekwisha kabisa. Mhimili wa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, umelegea, hewa inaingia pembeni, injini inakohoa likiwa limesimama na inazima kwenye kila mlima. Na Kampala hii ni milima mitupu.

Dawa yake ni kabureta mpya, na kabureta mpya haipo. Mwezi huu nimekwenda kwenye maduka ya Kikuubo mara tatu. Lile duka ambalo zamani ungekuta kila kitu kwenye kijisanduku chake chenye namba, sasa ni la sajini mmoja aliyevipanga vipuri kwa ukubwa, vidogo mbele, vikubwa nyuma, kama viazi. Ukimwuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ya gari fulani, naye anakuuliza, "Kubwa ama kidogo?"

Nadhani Kapteni ana akili hiyo hiyo. Alifungua buti, akatoa kabureta ya lori la jeshi, imeviringishwa kwenye gunia na bado inanuka petroli. Akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito, nikalegea magoti kidogo, askari wake wawili wakaona.

"Weka hii," akasema. "Lori inabeba askari makumi tatu, inapanda kilima. Kwa hii gari yangu kidogo, itaruka!"

Akacheka. Askari wake wakacheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Odongo hakucheka.

Odongo ni mwenzangu wa kazi. Tuliifungua gereji hii pamoja, mimi mkimbizi kutoka Kongo na yeye mtu wa Lira, kaskazini, na tunaelewana kwa Kiswahili kwa sababu mimi sijui Kilango na yeye hajui Kishi. Watu wa mtaani wakitusikia tunaongea hudhani sisi ni wa jeshi, maana hapa mjini Kiswahili ni lugha ya askari. Wapo wanaonyamaza tukipita. Laiti wangejua. Kaka yake Odongo alikuwa polisi. Walimchukua mchana kweupe, mbele ya wanawe, kwa kosa la kuzaliwa upande ule wa kaskazini, na mpaka leo hajarudi. Odongo hamtaji. Ila akisikia buti za askari nyuma yake, husimama kwanza kabla ya kugeuka, kama anahesabu kitu kichwani.

Jumatatu alikuwa amesimama vile vile, anafuta mikono kwa kitambaa. Akasema kwa upole, "Afande, hii iko ya lori. Kwa gari kidogo haitafanya muzuri. Itakunywa mafuta mingi, halafu itazima."

Ni kweli tupu. Fundi yeyote mwenye akili angesema hivyo. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, maana kabureta ilikuwa mikononi mwangu, lakini nilikuwa nimeshacheka.

Kapteni alimtazama. "Wewe, jina lako nani?"

"Odongo, afande."

"Odongo wa wapi?"

Swali hilo halina jibu zuri siku hizi. Sikungoja ajibu. Niliruka katikati nikasema, "Itawezekana, afande! Kule kwetu Kongo tulifanya hivi siku zote. Jumatano asubuhi gari iko tayari." Nilidanganya. Sijawahi kufunga kabureta ya lori kwenye gari dogo maishani mwangu, na sijamwona aliyefanya.

"Muzuri," akasema Kapteni. "Mukongomani iko na akili." Lakini aliyasema hayo macho yake yakiwa bado kwa Odongo. Akawageukia askari wake, akawaambia taratibu, kana kwamba anawapa kitu cha kushika, "Huyu amesema itazima."

Tangu pale jambo likawa moja tu, na sote wawili tulilijua bila kuambizana. Gari likikataa, atakayehesabiwa kuwa ameliharibu ni yule aliyesema litakataa.

Niandike kidogo habari ya kabureta, kwa sababu nikiandika kazi mkono unatulia.

Mimi nilijifunzia ufundi kwenye malori ya kubeba chai, kwa hiyo kabureta ya lori naijua kama naijua nyumba ya mama yangu. Ina koo pana. Injini ya lori ni kubwa na inazunguka polepole, inavuta pumzi ndefu, na kazi yake ni kubeba mzigo saa nzima kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo koo ni pana, jeti ni kubwa, na bakuli la petroli ni refu ili lori likiinama mlimani mafuta yasikimbilie upande mmoja. Haina haraka. Ukikanyaga, inafikiri kwanza.

Kabureta ya gari dogo ni kiumbe kingine kabisa. Koo lake ni jembamba makusudi, ili hata injini ikivuta kidogo tu, hewa ipite kwa kasi na kuyachukua mafuta kama mvuke. Ina kipampu chake ambacho kila ukikanyaga kinatema tone la ziada, gari lichomoke mara moja. Inajua kusimama kwenye makutano, kuondoka, kusimama tena. Ya lori ukiiweka kwenye injini ndogo, ile pumzi fupi inapotelea kwenye koo pana, hewa inapita kwa uvivu, mafuta yanadondoka matone matone badala ya kuwa mvuke, na plagi zinalowa. Itakunywa mafuta mingi, halafu itazima. Maneno ya Odongo, neno kwa neno.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kulibana koo.

Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda Katwe kwa yule Muganda anayeyeyusha alumini na kumwaga masufuria. Nilimwomba animwagie bushi, mrija mnene wa kuingia ndani ya koo la kabureta ulipunguze. Akageuza kile kipimo changu cha karatasi mara mbili. "Ssebo, hii sufulia gani haina chini?" akaniuliza, akiniita bwana kwa lugha yake. Nikamwambia ni ya Kapteni. Akaacha kuuliza, na akaninyima hata bei. "Chukua tu, ssebo. Mimi sijakuona." Ndivyo tunavyoishi. Jina moja linatosha kumfanya mtu akupe kitu bure ili uondoke.

Jeti niliziziba kwa lehemu nikazitoboa upya kwa sindano, tundu dogo, nikijaribu, nikirudia. Odongo alichonga bamba la kuunganishia, maana bolti za kabureta ya lori hazikai kwenye gari dogo. Jana mchana tuliwasha injini. Iliwaka! Ilinguruma kwa sauti nzito isiyolingana na mwili wake, lakini haikuzima. Odongo alinipiga bega. Nilikaribia kulia, nasema kweli.

Ikabaki gavana.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka liandikwe sawasawa. Kabureta ya lori la jeshi ina gavana. Ni kisahani chenye springi kinachokaa chini ya koo. Upepo unaoingia ukizidi nguvu, unakisukuma kisahani na kujifungia njia wenyewe, ili dereva asikimbize lori hata akikanyaga mpaka mguu utokeze chini. Gari dogo halina kitu hicho. Na gavana ya jeshi imefungwa kwa waya mwembamba uliopigwa muhuri. Dereva akionekana na muhuri uliokatika, anachapwa. Mwaka juzi niliona kwa macho yangu mmoja akichapwa kwa ajili hiyo, mbele ya geti la kambi, mtu mzima mwenye mvi.

"Toa hiyo gavana," Odongo aliniambia jana.

Nikasema hapana. Nikamwambia ule muhuri ni wa jeshi, siku moja kabureta itarudi kwenye lori lake, wataukuta umekatwa, watauliza nani. Tena, nikamwambia, injini ndogo kama hii haina pumzi ya kusukuma kisahani cha lori, kwa hiyo hata ikibaki haina madhara. Nilisema hivyo kwa sauti ya fundi mkubwa.

Odongo akafikiri. "Lakini wewe umebana koo," akasema. "Upepo unapita pembamba, utakuwa mkali. Utagonga kile kisahani moja kwa moja."

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki wakati ule ule anasema. Lakini nilikuwa naona yule dereva mwenye mvi, nikamwambia Odongo hizi ni kabureta za malori na mimi ndiye nimekulia kwenye malori. Akaniachia. Nikaifunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na muhuri wake mzima.

Leo asubuhi saa tatu Kapteni alikuja kuchukua gari. Alizunguka uwanja mara moja, akatoa kichwa dirishani, akasema "Muzuri sana, Mukongomani," akaondoka na askari wake nyuma. Nikaenda kunywa chai. Niliinywa yote na nikaomba nyingine, bila sukari.

Saa sita na nusu alirudi.

Nilimsikia kabla sijamwona, ile sauti nzito ya lori ikitoka kwenye gari dogo jeupe. Aliteremka bila kufunga mlango, askari wake wawili nyuma yake. Hakupiga kelele. Alisimama mbele yetu akasema, "Iko mtu nilifuata kwa barabara ya Entebbe. Nilikanyaga. Gari inafika maili arobaini kwa saa, inakataa. Nilikanyaga tena, inakataa. Yule mtu amepotea."

Nikiri na hili pia. Kwa sekunde moja nilifurahi. Sijui ni nani alikuwa mbele yake, sijui amefanya nini au hajafanya nini, lakini kuna mtu leo anakula chakula chake kwa sababu ya kisahani chenye springi. Ile furaha ilipita upesi kama ilivyokuja, kwa sababu Kapteni alikuwa amefungua boneti na anaonyesha kabureta kwa kidole.

"Nani nafunga hii kitu?"

Ningeweza kujibu. Neno lenyewe ni fupi. *Mimi.* Watoto wanalisema kabla hawajajua kutembea.

Sikusema neno. Sikusema Odongo, sikusema mimi. Lakini macho yangu yaligeuka. Yaligeuka yenyewe, kama mkono unavyojitoa kwenye moto, yakaenda kwa Odongo, yakarudi. Basi. Hilo ndilo jambo nililolifanya.

Kapteni aliyafuata macho yangu mpaka yalipofika.

"Ni yule," akasema. "Yule alisema itazima."

Odongo hakukataa. Alinitazama mara moja tu, tena si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Kisha akasema, "Afande, tutatengeneza." Akasema *tutatengeneza*, kwa wingi.

Nilidhani watamtia kwenye buti na kuondoka naye pale pale. Buti la gari lilikuwa wazi na mmoja wa askari alikuwa ameshalisogelea. Lakini Kapteni analihitaji gari lake, na mafundi wa maana hawapatikani tena mjini hapa, kwa hiyo akatoa hukumu nyingine. Atarudi kesho saa nne asubuhi. Odongo atakaa ndani ya gari pamoja naye, kiti cha mbele, na wataenda njia ya Entebbe.

"Gari ikifika maili themanini," akasema, "huyu anarudi kwa bibi yake. Ikikataa, hapana rudi."

Akamwomba Odongo risiti yake ya kodi. Odongo akaitoa mfukoni, Kapteni akaikunja akaiweka kwenye mfuko wake wa shati. Bila karatasi hiyo huvuki kizuizi hata kimoja cha barabarani, watakuteremsha kwenye cha kwanza tu. Halafu akanigeukia mimi, karibu kwa upole. "Mukongomani, kama huyu anakimbia, nitachukua wewe. Na bibi yako. Na mutoto." Akapanda gari la askari lililokuja kumchukua, lile jeupe akatuachia.

Watu husema afadhali upelekwe Luzira, maana pale gerezani wanakuandika jina kitabuni na ndugu zako watajua wa kumuuliza. Kapteni hakutaja Luzira.

Basi ndiyo hali yangu saa hizi. Odongo hawezi kukimbia, na kinachomfunga si kile kikaratasi peke yake. Anajua njia za nyuma za kufika Busia, mpakani na Kenya; kaka yake alikuwa polisi, alimfundisha. Angeweza kutoka sasa hivi na mvua hii, hakuna anayeona mtu kwenye mvua hii. Anakaa kwa sababu yangu. Kwa sababu ya mke wangu, na ya Neema ambaye jana alimshika kidole akakataa kumwachia. Amekaa kwa ajili ya mtu aliyemtoa kwa macho.

Tumefanya kazi toka saa saba. Nimekata ule waya wa muhuri kwa koleo. Nilidhani nitasikia kitu, sijui nini. Ulikatika kirahisi sana, haukuwa mgumu kuliko uzi wa kushonea. Tumetoa kisahani na springi yake, tumeongeza tundu la jeti kidogo, tumeipanua bushi kwa tupa. Gari likiwa limesimama injini inakubali. Ukiivuta juu kabisa inababaika kidogo, kama mtu mwenye kigugumizi, halafu inapokea. Kwa nini inababaika hatujui. Pengine mafuta yanakuwa mengi, pengine tundu la bushi bado ni jembamba. Njia pekee ya kujua ni kuliendesha gari barabarani, na kuonekana barabarani na gari la Kapteni bila Kapteni ni kifo cha aina nyingine. Kwa hiyo hatujui. Kesho saa nne ndipo itakapojulikana, huko mbele, na mmoja wetu akiwa ndani.

Nimejiuliza pia swali lingine, na ni aibu kwamba nimejiuliza likiwa la mwisho. Likifika maili themanini, nani atakayekuwa mbele yake wiki ijayo? Yule wa leo amepona. Wa pili atakimbizwa na gari nililolitengeneza mimi. Nimeligeuza swali hilo kila upande. Ninachojua ni kwamba nikiacha kasoro, atakayekuwa kwenye kile kiti ndiye atakayeilipia, na mtu huyo namjua jina, najua anavyopenda chai yake, najua anavyokohoa asubuhi. Nimeamua kulitengeneza kwa uwezo wangu wote. Mungu anihukumu kwa hilo kwa wakati wake.

Mke wangu hajui lolote. Mchana alituletea viazi vitamu, akaona sijagusa, akaniuliza, "Baba Neema, unaumwa?" Nikasema ni harufu ya petroli. Alinishika shingo kwa nyuma ya mkono wake kuona kama nina homa, akasema sina. Akaondoka na bakuli likiwa limejaa.

Dakika chache zilizopita Odongo alisukuma mlango wa stoo. Nilifunga daftari upesi, naye akajifanya hakuona. Alikuja kuchukua tupa. Akaisimamisha mkononi, akawa anaitazama badala ya kunitazama mimi.

Nikamwambia, "Odongo, mchana ule..."

"Wacha," akasema. "Ndugu yangu, hata mimi ningekuangalia wewe."

Akatoka na tupa yake.

Nimekaa na maneno hayo tangu hapo. Ni maneno mazuri. Ukiyashika haraka haraka yanakupoza kabisa, unaweza kulala nayo usingizi. Kila mtu angegeuza macho, bwana, ni woga tu, sisi sote ni watu. Nimejaribu kuyaamini. Nimejaribu kumwona Odongo pale uwanjani, Kapteni anauliza nani amefunga, na macho yake Odongo yananijia mimi.

Siyaoni. Ninamjua miaka yote hii. Jumatatu alisema kweli mbele ya bunduki mbili kwa ajili ya kabureta tu. Mtu huyo hangeniangalia. Amesema vile ili kesho, asiporudi, mimi niweze kuendelea kuishi.

Sasa naandika hili polepole ili lisomeke. Naogopa hata sasa. Nimeshakwenda chooni mara nne. Najua kwamba kesho Kapteni akisimama mbele yangu na kuniuliza kitu, ulimi utanikauka, na macho yangu sijui yatakwenda wapi. Sivitegemei tena viungo hivyo. Nikimwambia Odongo mapema atakataa. Nikimwambia mke wangu atanishika, na akinishika sitatoka.

Kwa hiyo sitangoja kuulizwa. Kapteni anakuja saa nne. Saa tatu na nusu nitamtuma Odongo Katwe kwa yule mmwaga alumini, kwa kazi ya gari hili ili Kapteni asiseme amekimbia, na ataelewa akiwa njiani, na atakuwa amechelewa.

Kapteni atanikuta nimeshakaa kiti cha mbele.